Kiraka Hakina Kosa

Mwandishi wa safu gazetini akitaka kuidharau serikali, husema inaweka viraka. Barabara imeparuzwa lami juu juu kabla ya ziara ya mkubwa: viraka. Mswada umeandikwa usiku wa kuamkia kura: viraka. Hata rafiki yangu mmoja aliyeachwa na mchumba aliniambia mapenzi yao yalikuwa "viraka tu, bro," na nikanyamaza kwa heshima ya machozi yake.

Leo sinyamazi. Mimi nimeziba pancha kwa miezi 11 mjini Busia, kwa mikono hii, kwa kula yangu ya kila siku, na neno hilo mnalidhulumu. Kiraka kilichowekwa sawasawa hakitoki. Tyubu itazeeka, itachanika penye valvu au itapasuka kwenye mshono wake wa kiwandani, kiraka kikiwa palepale kama kovu lililopona. Ukitaka kukibandua lazima uirarue tyubu yenyewe. Kwa hiyo ninaposikia kwamba wakubwa wetu wanaweka viraka, huwa nasikia wakipewa sifa wasiyostahili. Laiti wangeweka viraka! Wanachoweka ni kitu kingine, nami nitakieleza, kwa sababu siku moja nilikiweka mimi mwenyewe na mtoto akavunjika meno.

Nilifika kwenye kibanda cha mjomba baada ya kuacha chuo mwaka wa 2 wa kemia. Karo ilinishinda. Kusema kweli, mimi pia nilikuwa nimeanza kuyashinda masomo kwa utoro, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Kibanda chenyewe ni sifa tu: mabati manne chini ya mwembe, tairi kuukuu limening'inizwa kwenye mti kama ishara, benchi moja, karai la maji, pampu ya mguu, vijiko viwili vya chuma vilivyopondwa vikawa bapa, mkasi, kipande cha msumeno wa chuma, na kopo la sulusheni ambalo mjomba alilifunika kila mara kana kwamba lina roho inayotaka kutoroka. Busia ni mji wa baiskeli. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa mpakani hapo katika miaka ya 1960, baiskeli zilipokuwa zikibeba watu na mizigo yao kutoka upande wa Kenya hadi upande wa Uganda. Pikipiki zilikuja baadaye zikachukua jina na wateja. Kwa hivyo tulipata zote mbili, na zote mbili zilichomwa na miiba ileile, misumari ileile, na vipande vya chupa vilevile vinavyomwagwa mbele ya baa.

Na nianze na tusi la misumari, kwa kuwa najua kuna msomaji tayari analo mdomoni. Inasemwa kila mahali kwamba mafundi wa pancha humwaga misumari barabarani usiku ili wapate kazi asubuhi. Pengine yuko anayefanya hivyo. Sina haja ya kuwaapia watu nisiowajua. Lakini katika miezi 11 misumari niliyoitoa kwenye matairi ilikuwa mingi ya mjengo, iliyopinda, yenye kutu, iliyoanguka kwenye malori ya mbao. Miiba ilikuwa mingi kuliko misumari. Na pancha nyingi zaidi hazikuwa za mwiba wala msumari. Zilikuwa za upepo kidogo: mtu amepakia magunia mawili ya mahindi juu ya tairi laini, gurudumu limeingia shimoni, rimu ikaibana tyubu dhidi ya lami na kutoboa vishimo viwili sambamba kama meno ya nyoka. Huyo hakumwagiwa kitu na mtu yeyote. Alikataa tu kupiga pampu, na pampu kwetu ilikuwa shilingi 10.

Mjomba hakunifundisha kuziba kwanza. Alinifundisha kuuliza. Kabla ya kulitoa tairi kwenye rimu, alitia alama ya chaki mahali valvu ilipo, ili tundu likishaonekana kwenye tyubu tujue ni wapi hasa kwenye tairi pa kumtafuta mwizi. Tundu likiwa upande wa nje, mwizi yuko kwenye tairi. Likiwa upande wa ndani, unaogusana na rimu, mwizi ni spoku iliyochomoza au utepe wa rimu uliosogea. Yakiwa mawili sambamba, mwizi ni mwenye baiskeli. Halafu alipitisha vidole ndani ya tairi lote polepole, mzunguko mzima, na mara nyingi alitoka na damu kidogo na mwiba wa mgunga mdogo kuliko punje ya mchele. "Ukiziba na humu ndani umemwacha huyu," aliniambia, "umemwazima mteja upepo. Hujamwuzia."

Nimeona mafundi wengi wakiruka hatua hii. Wanaziba, wanarudisha, wanalipwa, na mteja anarudi baada ya kilomita tatu akilaani kiraka. Kiraka kipo! Tundu jipya liko sentimita mbili pembeni yake.

Kutafuta tundu ni starehe ya kazi hii. Unaijaza tyubu upepo kiasi, unaizamisha kwenye karai kipande kwa kipande, na viputo vinapanda vyenyewe kukuonyesha. Kama tundu ni dogo mno, mjomba aliipitisha tyubu karibu na mdomo wake wa juu, maana ngozi ya hapo husikia upepo ambao sikio halisikii. Ukishalipata unalizungushia alama kubwa, kubwa kuliko kiraka chenyewe, kwa sababu ukianza kukwaruza alama ndogo itafutika na utabaki ukikodoa macho. Usiridhike na tundu moja. Zamisha tyubu yote.

Kisha ukaushe. Maji ni adui. Kisha ukwaruze, na hapa ndipo wavivu wanapoanza kujionyesha. Tyubu ikitoka kiwandani huwa na ngozi laini yenye kung'aa, ina mabaki ya unga na dawa iliyotumika isigande kwenye kalibu, na mara nyingi ina kimshono kilichoinuka kama mstari wa nywele. Vyote hivyo lazima viondoke mpaka mpira uwe mweusi mfu, usio na mng'ao. Mshono ukiuacha, utakuwa mfereji chini ya kiraka, na upepo utatoka humo kimyakimya usiku kucha. Asubuhi tairi limelala. Ukishakwaruza, pangusa vumbi kwa kitambaa kisafi, na usiguse tena kwa kidole. Kidole cha fundi kina grisi hata kikioshwa kwa sabuni.

Sulusheni inapakwa nyembamba. Watu hudhani ikiwa nyingi ndiyo itashika zaidi, kama gundi ya mbao. La. Nyembamba, na ipite ukubwa wa kiraka pande zote.

Halafu unangoja.

Nimeandika neno hilo peke yake kwa sababu ndilo ugomvi wangu wote. Unangoja dakika tano. Asubuhi ya baridi hata nane. Unangoja mpaka mng'ao upotee na sulusheni iwe kama haipo, ukigusa ukingo wake kwa mgongo wa kidole unate kidogo bila kulowa. Mjomba wakati huo aliwasha redio, au aliuliza habari za nyumbani kwa mteja, au alinyamaza tu akitazama barabara. Hakufanya kitu. Na hicho kutofanya kitu ndicho kazi yenyewe.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa sababu yake bila kujua itanifaa. Sulusheni ni mpira uliyeyushwa ndani ya kimiminika chepesi, ndugu wa petroli, kinachoruka hewani haraka. Kimiminika kile ni mbebaji tu: kikishaufikisha mpira mahali pake lazima kiondoke. Chini ya kiraka kizuri kuna tabaka laini lenye dawa inayokutana na dawa ya kwenye sulusheni, na vikikutana vinaanza kufungana, uzi wa mpira kwa uzi wa mpira, kwa madaraja ya salfa. Ni jambo lilelile ambalo Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka wa 1839 kwa moto, isipokuwa hapa linafanyika baridi, chini ya mwembe. Si gundi, ni mshikamano. Vipande viwili vinakuwa kimoja. Lakini ukikandamiza kiraka kabla mbebaji hajaondoka, umemfungia ndani. Atakaa pale katikati akiwa majimaji, na nyuzi hazitafikiana. Kwa macho huwezi kujua. Kiraka kitalala vizuri, mteja atalipa, tairi litajaa, gurudumu litazunguka. Kitashikilia mpaka kipate joto na uzito.

Mjomba hakujua madaraja ya salfa. Yeye alisema sulusheni "inataka kupumua kwanza." Nilimcheka kimoyomoyo wiki ya kwanza, kisha nikaacha kumcheka. Nisije nikaeleweka vibaya, sisemi kwamba fundi anajua kuliko mwanakemia. Siipendi ile sifa ya bei rahisi inayomiminiwa jua kali na watu wasiowahi kununua kitu jua kali. Mjomba alikosea mambo kadhaa. Aliamini tyubu nyekundu ni imara kuliko nyeusi, na hakuna aliyeweza kumbandua hapo. Ila juu ya dakika tano alikuwa sahihi, na alikuwa sahihi kila siku, jambo ambalo mimi mwenye kemia yangu ya miaka 2 sikuweza.

Historia nzima ya tairi la upepo ni historia ya watu kusumbuliwa na pancha. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi lake mwaka wa 1888, baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Lilikuwa jambo la ajabu, ila lilibandikwa kwenye rimu kwa gundi. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu ndugu wawili wa Ufaransa, akina Michelin: mwendesha baiskeli alifika kwenye kiwanda chao na tairi la namna hiyo lenye pancha. Kulibandua na kuliziba kulichukua zaidi ya saa tatu, kisha likaachwa likauke usiku kucha. Asubuhi Édouard Michelin akaipanda ile baiskeli ailijaribu, na baada ya mita mia chache tu tairi likaishiwa upepo. Kutokana na aibu hiyo walitengeneza tairi linalovuliwa na kuvishwa, na kufikia 1891 walikuwa na hataza yake. Ndiyo maana leo fundi wa Busia kwa vijiko viwili analivua tairi kabla hujamaliza kumsalimia.

Angalieni walichopunguza. Walipunguza saa za kubandua. Kukauka kwa sulusheni hawakukufuta, hawakuweza, wala hajaweza mtu mwingine kwa kelele za kibiashara. Vipo viraka vya kubandika tu visivyohitaji sulusheni, vya kukufikisha nyumbani, na hata watengenezaji wengine huviuza kama dharura. Ipo dawa ya majimaji inayomiminwa ndani ya tairi. Ipo njia ya moto: kiraka cha mpira mbichi kinabanwa kwenye tyubu kwa chuma, pistoni kuukuu ya injini inatiwa mafuta kidogo na kuwashwa juu yake. Hiyo ni nzuri sana kwa tyubu za malori. Nayo ina muda wake. Ukiifungua mapema umechoma mpira bure.

Sasa nije kwa mteja, ambaye ndiye ninayemwandikia.

Mteja wa pancha ni kiumbe wa pekee. Mtu huyohuyo ataketi kwenye nyama choma saa nzima, aonje, aseme "irudishe kidogo, haijaiva," na angoje tena nusu saa akinywa soda kwa furaha. Kwa kinyozi atafuata foleni ya watu wanne. Lakini mwambie sulusheni haijakauka, uone. "Fundi, wacha mchezo, weka hiyo kitu niende." Anasimama juu yako, kivuli chake kimekufunika, anapiga honi ya pikipiki iliyozimwa. Na bei! Kuziba baiskeli kwetu kulikuwa shilingi 50, pikipiki 100. Wanatazama kiraka chenye ukubwa wa sarafu na kusema, "Hako kampira ndio soo?" Wanadhani wananunua kampira. Kampira ni kitu kidogo kabisa katika bei ile. Wananunua vidole vya mjomba vilivyochomwa ndani ya tairi, na kukwaruza, na zile dakika tano ambazo fundi angeweza kumpokea mtu mwingine. Ukimshusha hadi 60 hujapunguza bei ya mpira, kwa sababu mpira una bei ya duka. Umepunguza dakika. Fundi hana mahali pengine pa kupunguza.

Ndipo mafundi nao wanapoingia dhambini, na sitawaficha. Sulusheni ikiwa ghali wanaizidisha kwa petroli mpaka iwe maji ya pua. Viraka vya duka vikiisha wanakata tyubu kuukuu na kubandika hivyo hivyo bila kukwaruza pande zote mbili. Mwingine anatumia ile gundi ya matone inayokauka papo hapo, ile ya kubandika vikombe na soli za viatu. Inakauka kweli, inakuwa ngumu kama ukucha. Tyubu inavutika, ukucha hauvutiki, kwa hiyo unakatika. Mteja anafurahi maana alingoja sekunde 20. Wote wawili wanaachana wakiwa wametabasamu.

Wapo pia wale vijana wadogo waliokuja kibandani kila jioni na chupa za plastiki wakiomba sulusheni "kidogo tu, ankoo." Mjomba hakuwapa hata siku moja, aliwapa chai. Kile kinachopaswa kuondoka kwenye tyubu ndicho walichotaka kiingie kichwani. Nawataja kwa sababu kila ninaposikia harufu ile nawaona, basi.

Sasa ile siku yangu.

Ilikuwa Desemba, jioni ya siku ya soko. Mjomba alikuwa matangani. Pikipiki ilikuja ikisukumwa, tairi la mbele limelala, mwenyewe akitokwa jasho, nyuma yake mama mmoja na mtoto wa kiume wa miaka sita hivi aliyevaa viatu vipya. Kijana wa pikipiki nilimjua kwa sura. Alikuwa amechukua pikipiki kwa mkopo wa kulipa kila siku, mpango ambao ukikosa siku mbili tatu wanakuja kuichukua, na siku hiyo ilikuwa bado hajatimiza. "Buda, dakika mbili. Hawa ni wateja wa mia tatu. Nikiwapoteza nimekwisha."

Nilitoa msumari. Nilikwaruza, vizuri hata. Nilipaka. Kisha nikainama nikapuliza kwa mdomo kama mtu anayepoza uji, nikapuliza mara nne au tano, na pumzi ya binadamu ina unyevu, mwanafunzi wa kemia alilijua hilo vizuri kabisa. Ilikuwa bado inang'aa. Nikabandika. Nikagonga kwa mpini wa mkasi, nikapaka vumbi la chaki kuficha ukingo, nikarudisha tairi, nikajaza upepo. Alinipa 100 bila kubishana, akasema, "Wewe ndio fundi sasa." Nilifurahi.

Kiraka kiliteleza kwenye mteremko. Upepo wa tairi la mbele ukiisha ghafla mwendo ukiwa mkali, usukani haukusikii tena. Kijana alivunjika mtulinga. Mama alichubuka mkono mzima. Mtoto aligonga mawe kwa mdomo, akapoteza meno mawili ya mbele na kushonwa kwenye kipaji. Watu walisema ni bahati meno yalikuwa ya utoto. Naam, bahati.

Pikipiki ililetwa kesho yake na wenzake wawili. Mjomba alikuwa amerudi. Aliitoa tyubu, akakitafuta kiraka, akakikuta kimejikunja ndani ya tairi. Akakigeuza. Upande wa chini ulikuwa safi, laini, unang'aa, kama karatasi iliyobanduliwa kwenye tufaha la supamaketi. Kiraka kilichoshika kikitolewa kwa nguvu hutoka na nyama ya tyubu. Hiki hakikuwa na kitu. Alinitazama kwa muda, kisha akawageukia wale wenzake na kusema, "Tyubu ilikuwa imechoka. Ingepasuka tu." Wakakubali. Wakanunua tyubu mpya, na mjomba hakuchukua faida.

Walipoondoka aliniuliza neno moja. "Ulipuliza?"

"Nilipuliza, mjomba."

Hakunigombeza. Alikichukua kile kiraka akakitundika kwa msumari kwenye nguzo ya kibanda, mahali ninapokaa, na kilikuwa hapo mpaka siku niliyoondoka Busia. Sikwenda kumwona mtoto. Nilimwona mara moja kwa mbali sokoni, akicheka na pengo lake, nikabadilisha njia.

Kwa hiyo nani alaumiwe? Mimi. Nalisema kwanza lisipotee. Mkono uliobandika ni wangu. Lakini polemiki ikiishia hapo itakuwa toba, na toba haimgharimu mtu mwingine chochote. Yule kijana hakuwa na haraka kwa tabia. Haraka yake ilikuwa na mwenyewe, ambaye alikuwa ameketi mahali penye kivuli akisubiri malipo ya kila siku yaingie kwenye simu. Dakika zangu tano zilikuwa zimeshauzwa kabla pikipiki haijafika chini ya mwembe. Mteja analia na fundi, fundi anatia petroli kwenye sulusheni, na yule aliyeziuza dakika hatajwi popote, hata kwenye laana.

Na nchi nzima inampigia makofi. Mwaka wa 2022 wilbaro likawa nembo ya kampeni, na kila kijana anayehangaika akapewa cheo cha hasola. Tukaambiwa kukimbizana ni heshima. Ukiamka saa kumi, ukafanya kazi tatu, ukala ukitembea, wewe ni shujaa. Sikusikia jukwaa lolote likimsifu mtu anayengoja sulusheni ikauke. Ni wazi kwa nini: huyo hapigiki picha. Amekaa tu. Mgeni akipita atasema vijana wa siku hizi ni wavivu, wanakaa chini ya miembe.

Ndiyo maana nasema hawa wakubwa hawaweki viraka. Kuweka kiraka ni kumtafuta mwizi ndani ya tairi kwa vidole vyako. Ni kukwaruza mng'ao wa kiwandani hata kama unapendeza. Ni kukubali kwamba tundu la karibu na shina la valvu halizibiki na tyubu hiyo inunuliwe nyingine, kumwambia mteja hivyo hata akikuita mwizi. Barabara iliyomwagiwa lami juu ya vumbi na maji, bila kusafishwa shimo, bila kushindiliwa, haina kiraka. Ina kile nilichokiweka mimi ile jioni ya Desemba. Tafuteni neno lake. Mimi nimelikosa, na nimeishi nalo.

Siku hizi naandika kwa kulipwa, na malipo ni kwa maneno, si kwa muda wa kuyaacha yakauke. Nimeshawahi kupuliza makala pia. Wahariri hawakugundua, baadhi ya wasomaji waligundua.

Wiki iliyopita nilipata pancha Nairobi, baiskeli yangu ya mtumba, karibu na steji ya matatu. Fundi alikuwa kijana kunizidi. Alikwaruza harakaharaka, akapaka, akainamisha kichwa, akavimbisha mashavu.

"Usipulize," nikamwambia.

Akainua macho. "We ni fundi?"

"Nilikuwa."

"Si basi uzibe mwenyewe."

"Nitakuongeza hamsini. Iache tu."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. Kisha akaiweka ile tyubu juu ya goti, sulusheni ikiwa juu, akafuta mikono kwa kitambaa. Hakujua afanye nini na mikono yake. Boda mmoja akaingia na tairi la nyuma limelala, akaanza kupiga honi hata kabla hajasimama.

"Fundi, nifanyie chapchap. Kwani huyu anangoja nini?"

Fundi akanitazama mimi, akaitazama tyubu. Ilikuwa bado inang'aa upande mmoja.

"Ikauke," akasema. "Zima hiyo kitu ukae."

Boda akazima injini.